Afasia: lugha inapopotea, akili ikabaki

Afasia ni kupotea au kuvurugika kwa lugha kutokana na ubongo kuumia. Mtu aliyekuwa akiongea, akisoma na kuandika bila shida anajikuta maneno hayaji, au yanakuja yamechanganyika, au haelewi anachoambiwa. Chanzo kikubwa ni kiharusi, lakini huletwa pia na majeraha ya kichwa, kama yale ya ajali za bodaboda, na uvimbe ndani ya ubongo. Akili yake haijaondoka. Natamani kila familia iliyouguza kiharusi ilijue hilo, maana wagonjwa wengi hukatiwa mashauri na kusemwa mbele ya macho yao kana kwamba hawapo.

Wengi husema "ulimi umekuwa mzito". Wakati mwingine kweli tatizo ni ulimi: misuli ya mdomo na koo imelegea, matamshi yanakokota. Mgonjwa wa namna hiyo, kama mkono wake mmoja ni mzima, ukimpa simu atakuandikia anachotaka. Mwenye afasia kwa kawaida atakwama kwenye simu vilevile, kwa sababu kilichoguswa ni lugha yenyewe. Hata kiziwi anayetumia lugha ya alama huweza kuipata: vidole vinafunga vifungo vya shati bila taabu, lakini alama alizozizoea tangu utotoni hazipangiki tena.

Tulianza kuielewa hali hii vizuri kupitia mgonjwa mmoja wa Ufaransa. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, daktari mpasuaji Paul Broca alipokea mtu wa miaka 51 aliyeitwa Louis Victor Leborgne, mguu wake umeoza kwa donda. Leborgne alikuwa ameishi pale miaka 21, na kila alichoulizwa alijibu "tan, tan", hata watu wakamwita Tan. Broca alimuuliza: umekaa hapa muda gani? Mkono wa kulia ulikuwa umepooza, kwa hiyo Leborgne alifungua vidole vya kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Ishirini na moja. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vilevile. Alipoulizwa mara ya tatu aliona anafanyiwa mchezo, akakasirika, na hapo kiapo kizima cha Kifaransa kikamtoka kinywani bila kukwama.

Hicho kiapo kina maana kubwa. Maneno tunayoyatoa kwa mazoea, kama viapo, salamu, kuhesabu, nyimbo na sala, mara nyingi husalimika wakati maneno ya kutungwa papo hapo yamekwisha. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kushindwa kuomba maji, halafu akaisoma Fatiha au Baba Yetu hadi mwisho. Ndugu wakiona hivyo hudhani anajifanya. Hajifanyi.

Leborgne alifariki tarehe 17 Aprili. Broca aliufungua ubongo wake na siku iliyofuata akauonyesha mbele ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris: upande wa kushoto, sehemu ya mbele, palikuwa pameharibika vibaya. Ukitaka kupajua, weka kidole kwenye panja la kushoto, kisha kipandishe juu kidogo. Eneo linaloitwa la Broca liko ndani ya hapo. Miezi michache baadaye akaja mgonjwa wa pili, Lelong, mzee wa miaka 84 aliyebakiwa na maneno matano tu, naye ubongo wake ulikuwa umeumia karibu na pale pale. Kufikia 1865, baada ya wagonjwa wengine kadhaa, Broca alitamka wazi kwamba tunaongea kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Leo tunajua ni hivyo kwa takribani watu 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia, na hata kwa wengi wa wanaotumia mashoto. Kiharusi cha upande huo hulegeza mwili upande wa kulia, kwa hiyo mkono wa kulia na lugha mara nyingi huondoka pamoja.

Mwaka 1874 daktari kijana wa Kijerumani, Carl Wernicke, akiwa na miaka 26, alieleza sura nyingine ya ugonjwa. Wagonjwa wake waliumia nyuma zaidi, juu na nyuma ya sikio la kushoto, na kuongea waliongea kwa wingi. Mgonjwa wa Broca, kama angekuwa wetu, angesema kwa kujikamua: "Mimi... hospitali... juzi... mguu." Maneno machache, maana ipo. Wa Wernicke angetiririka: "Basi nikayapeleka yale ya kule, yakasendana na mapufi, si ndiyo?" Sauti na mwendo ni vya Kiswahili, maana hakuna, naye mara nyingi hajui kwamba haeleweki. Huyu wa pili ndiye anayeambiwa amerukwa na akili, au ana mapepo.

Wagonjwa wawili wanaopoteza vitu tofauti kwa kuumia sehemu tofauti ni ushahidi wenye nguvu kwamba lugha ina vipande vinavyoweza kuharibika kila kimoja peke yake. Lakini ushahidi huo una mpaka wake. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji likikatika, korosho za Mtwara hazitafika Dar es Salaam kwa barabara ya pwani, na hakuna atakayesema korosho zinalimwa darajani. Bahati nzuri Broca hakuzikata vipande bongo za Leborgne na Lelong; aliacha zihifadhiwe nzima. Zilipopigwa picha za MRI, na matokeo kuchapishwa mwaka 2007, ilionekana uharibifu ulipenya ndani kuliko alivyoweza kuuona kwa macho, ukagusa nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo kusema "lugha iko hapa" na kunyoosha kidole ni kurahisisha mno. Ni mtandao, na kukatika kwa nyuzi kunaweza kudhuru sawa na kuumia kwa eneo lenyewe.

Kwetu kuna jambo ambalo Broca hakukutana nalo kwa Leborgne. Mtu huongea Kisukuma au Kikikuyu nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza kazini. Afasia huweza kuzigusa zote. Mara nyingi lugha hizo hurudi pamoja, lakini wapo ambao moja hutangulia na nyingine kuchelewa, na inayotangulia si lazima iwe ya mama. Mgonjwa aliyepimwa kwa Kiingereza peke yake hajapimwa.

Lugha ikipotea ghafla, hata ikirudi baada ya robo saa, mpeleke hospitali papo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Nafuu kubwa huja katika wiki na miezi ya mwanzo, ila wapo wanaoendelea kupata maneno miaka baadaye wakifanyishwa mazoezi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache Afrika Mashariki, kwa hiyo kazi kubwa inabaki nyumbani. Zima redio. Kaa mbele yake, uliza swali moja fupi, la kujibika kwa kichwa au kwa kidole, kisha nyamaza umpe muda. Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Mwonyeshe kikombe na sahani achague. Na mkipanga kuuza shamba lake, mwulizeni yeye.