Kwinoa kwa mara ya kwanza: ioshe mpaka povu liishe

Anayeionja kwinoa, punje ndogo zinazopikwa kama wali, na kuisukuma pembeni hulalamikia jambo moja kati ya mawili: ni chungu, au ni bokoboko. Yote mawili hutokea jikoni, na yote yanazuilika.

Uchungu ni wa saponini, kemikali iliyotanda juu ya ganda la punje. Shambani huikinga mbegu dhidi ya ndege na wadudu. Ndani ya maji hutoa povu kama sabuni. Kwinoa nyingi ya pakiti huwa imeshaoshwa kiwandani, lakini mimi huiosha hata hivyo. Tia kikombe 1 kwenye chujio la matundu madogo sana, kwani punje ina upana wa milimita 2 tu na chujio la tambi litaipitisha yote. Iweke chini ya maji yanayotiririka, uifikiche kwa vidole kwa dakika 2. Povu likikoma, tafuna punje mbili tatu mbichi. Bado chungu? Rudia. Ukipenda kuiloweka, dakika 15 zinatosha, ila maji hayo yamwage.

Sasa iache ichuruzike vizuri. Wengi huiruka hatua hii, kumbe maji yaliyonasa katikati ya punje yanaongezeka kwenye yale ya kupikia, na bokoboko huanzia hapo. Kipimo kilichozoeleka ni vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha kwinoa. Naona ni mengi. Kikombe 1 na robo tatu kinatosha.

Chemsha na chumvi kidogo, punguza moto uwe mdogo kabisa, funika kwa dakika 15. Hiyo ni nyeupe. Nyekundu na nyeusi zina ganda gumu zaidi, kwa hiyo ziongezee dakika 3 hadi 5, na hata zikiiva zitabaki za kutafuna. Utajua imeiva pale punje inapoanza kupitisha mwanga na kiini chake kuchomoza pembeni kama kijimkia cheupe. Zima moto, na mfuniko usiuguse kwa dakika 10: mvuke unamalizia kazi na unyevu unasambaa sawasawa. Ukiifunua mapema, chini huwa majimaji na juu pakavu. Ichambue kwa uma, mwiko huiponda.

Kikombe 1 kikavu hutoa karibu vikombe 3, basi anayeipika mara ya kwanza aanze na nusu kikombe.

Kuhusu lishe, sifa nyingine zimetiwa chumvi. Kwa mtaalamu wa mimea hii si nafaka hasa, maana haimo katika jamii ya nyasi pamoja na ngano na mchele; ni ndugu wa mchicha. Kwa asili haina gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru baadhi ya watu, na protini yake ina lisini ya kutosha, kijenzi cha protini ambacho nafaka nyingi hukipungukia. Lakini gramu 100 zilizopikwa zina protini gramu 4 hivi na wanga gramu 21 hivi, kwa hiyo mwenye kisukari aipime kama anavyopima wali.

Kama ladha yake ya kikaranga inakushtua, changanya nusu kwa nusu na mchele mweupe katika sufuria moja. Huiva karibu kwa muda ule ule.