Ati "leo usitufundishe, tutie moyo tu"

Nimeombwa tena juma hili, na safari hii sinyamazi. Mwanafunzi mwenye adabu zake wa chuo chetu cha uchungaji kanifuata barazani kabla ya ibada ya asubuhi. Shikamoo mwalimu, marahaba, kisha ombi kwa niaba ya wenzake: mitihani imekaribia, watu wamechoka, kwa hiyo leo usitufundishe, tutie moyo tu.

Wanaoamini hivyo ni wengi, na si wanafunzi peke yao. Nimewasikia wachungaji wa miaka mingi hapa Mbeya, na hata wageni tunaowaalika kuhubiri, wakisema kwamba kufundisha ni kwa darasani na kutia moyo ni kwa mimbarini. Kigiriki, muktadha na muhtasari ukaviache kwenye homiletiki, lile somo la kuandaa mahubiri; ukija ibadani, leta moto. Paulo, katika Warumi 15:4, aliviweka pamoja ndani ya sentensi moja: yaliyoandikwa zamani yaliandikwa ili kutufundisha, ili kwa saburi na faraja ya Maandiko tuwe na tumaini. Ukiondoa mafundisho, hiyo faraja utaitoa wapi? Kwenye spika?

Mara nyingi ndiko inakotoka. Mhubiri anasimama. "Bwana Yesu asifiwe" inarudiwa mara tatu kwa kuwa ya kwanza hatukuitika vizuri. Mwambie jirani yako hayupo hapa kwa bahati mbaya. Yeremia 29:11 unasomwa, mstari mmoja tu, na hapo huwa naangalia mkono: kidole kinachomolewa kwenye ukurasa, Biblia inafungwa, haifunguliwi tena hadi baraka ya mwisho. Sikatai kwamba kupiga makofi kuna faida asubuhi za Juni, baridi ya mlima Loleza ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa. Lakini joto la namna hiyo hata jiko la mkaa linalitoa.

Na huo Yeremia 29:11, maskini. Umebandikwa kwenye daladala, kwenye kadi za harusi, kwenye picha za wasifu za nusu ya chuo. Ni mstari wa barua. Yeremia aliwaandikia watu waliokwisha kuchukuliwa mateka hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK, na barua yenyewe inaanza kwa kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Maana yake hamrudi kesho. Mstari wa 10, ule ambao hakuna anayeubandika popote, unataja miaka 70. Mzee aliyesomewa barua ile alijua atazikwa Babeli, na ni huyo huyo aliyeambiwa kwamba Mungu anamwazia mema.

Rudi sura moja nyuma, 28, utamkuta mhubiri wa moto. Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi na mateka watarudi. Anaitwaa nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kuwa ishara ya kuitumikia Babeli, na kuivunja. Hebu fikiria makofi ya siku ile! Na Yeremia mwenyewe alikuwa amesema amina, Bwana na atende hivyo. Hakuwa mtu wa kufurahia mabaya. Ila lile neno halikutoka kwa Mungu, na Hanania alikufa mwaka huo huo, mwezi wa saba. Mahubiri yake yalitia moyo kuliko ya Yeremia kwa kipimo chochote mnachokitumia nyinyi.

Sasa tazama nani wamekaa kwenye mabenchi yetu. Kuna ambaye mkewe yuko Rungwe na watoto, anasubiri viazi vikomae apate kumtumia nusu ya ada. Kuna mchungaji ambaye kanisa lake limefika kwenye renta na bati hazijulikani zitatoka wapi. Ukimwambia "mwaka huu ni wako", umempa ahadi yenye tarehe ya kuisha, na Januari ataifanyia hesabu. Tena hawa wote ni wahubiri. Kesho kutwa watairudia kwa wajane vijijini.

Ya nabii Eliya nayataja haraka: alipokata tamaa akalala chini ya mti wa mretemu, malaika hakuhubiri, alileta mkate na maji, akamwacha alale.

Wabatisti wenzangu wapendao historia wanajua kwamba wamisionari wetu walipoingia Tanganyika mwaka 1956, hospitali ya kifua kikuu hapa Mbeya ilikuwa kati ya kazi zao za mwanzo. Mgonjwa wa TB wa enzi zile alitibiwa mwaka na zaidi. Nadhani aliyehubiri wodini alilazimika kuwa na neno la kumfaa mtu ambaye keshokutwa angemkuta kitanda kile kile. Na Charles Spurgeon, tunayempenda kumtaja kama simba wa mimbari, alianza chuo chake cha wachungaji London mwaka 1856, mwaka ule ule mtu alipopiga kelele za moto wakati akihubiri kwenye ukumbi wa Surrey Gardens, watu 7 wakafa kwenye msukumano. Alisumbuliwa na huzuni nzito maisha yake yote, na aliwafundisha wanafunzi wake waziwazi juu ya mchungaji anayezimia moyo.

Kuna mwanafunzi aliyewahi kuhubiri Zaburi 88 akakomea pale zaburi inapokomea, gizani, bila kutafuta zaburi nyingine ya kuokoa jahazi. Hakuna aliyesema amina. Baada ya ibada mwenzake mmoja alibaki kwenye benchi, akamwomba amwonyeshe ilipo, akainakili kwa kalamu.

Sitadai kwamba namna yangu hufaulu kila mara. Nikimaliza kufafanua Maombolezo 3 watu hutoka kimya, na siwezi kutofautisha kimya cha aliyefarijika na cha aliyechoka. Nimeona pia mahubiri ya kelele tupu yakimshika mtu aliyekuwa amefunga begi aondoke chuoni, na hadi leo yuko kwenye huduma. Tena nina mashaka na ile karatasi ya mahudhurio mlangoni: mtu aliyeletwa na karatasi, sijui anafunguka kiasi gani.

Mlio kwenye zamu ya kuhubiri, nileteeni muhtasari mapema, na msome sura nzima. "Mwambie jirani yako" naruhusu mara moja. Na viongozi wa ibada, tangazo la wanaodaiwa ada lisomwe baada ya mahubiri. Huwezi kumsomea mtu deni lake hadharani, halafu ukanipa kipaza sauti nimtie moyo.