Kusuka unajua tayari, sasa chuo unaenda kufanya nini?

Mimi nafundisha ususi na urembo chuoni, na kila tukipokea wanafunzi wapya naulizwa swali hilohilo, "Madam, mi kusuka najua tangu niko la nne, twende kilioni, mabutu, uzi, rasta, vyote naviweza, sasa nilipe ada nikakae darasani kwa lipi?" Swali la haki kabisa. Na jibu langu huwa linawashangaza, nawaambia kama shida yako ni kusuka tu basi usije, baki na hela yako. Mkono wa kusuka huku kwetu mtu anautoa kibarazani kwa mama na dada zake, wapo wanaokuja ngazi ya kwanza wananizidi spidi mimi ninayewafundisha, sioni aibu kusema. Mi nawafundisha dawa, ngozi ya kichwa na usafi, na hivyo kibarazani hupewi, utapewa hadithi tu.

Kwa wasioujua mfumo niupitie haraka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na vyeti vyake vya ufundi stadi vina ngazi tatu, I, II na III. Mwanzoni unaanza na I. Unapimwa kwa kufanya, yani mbele ya mpimaji unaosha kichwa, unaseti, unaweka dawa, anaangalia umeweza au bado, siyo kukariri halafu ukaandike insha. Kuna na kozi fupi za wiki au miezi michache ambazo unatoka na cheti cha kuhudhuria, siyo mbaya, ila usichanganye na hizo ngazi. Na kama uko saluni miaka na huna karatasi yoyote, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliojifunzia kazini, uulizie kabla hujalipia kozi nzima ya vitu unavyovijua. Wenzetu Kenya wana mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, wao wanahesabu kinyume, unaanza Grade III unapanda kwenda I, ndo mana Mkenya akikwambia ana Grade I usimuone anayeanza.

Sasa tuje kwenye ritachi, ile dawa ya kunyoosha nywele, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo saluni nyingi zinaharibu vichwa vya watu.

Ngozi yako ina pH, kile kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ndo katikati, ya 5 na kitu, ritachi ipo 12 kwenda juu. Zile za kopo moja mara nyingi zina sodium hydroxide, dawa ya jamii ileile ya kuzibulia mabomba, na zile za kuchanganya na kichupa pembeni zinatumia calcium hydroxide na guanidine, ni laini kidogo kwa ngozi ila zinakausha nywele. Zote zinafanya kazi kwa kuvunja viunganishi ndani ya unywele ili ule mjikunjo ulegee, na kilichovunjwa hapo hakirudi. Kwa hiyo mteja akikaa kwenye kiti mwanafunzi wangu hashiki dawa kwanza, anashika kichwa. Anagawa nywele kwa kitana anatazama ngozi, kuna kidonda? Kuna mapunye? Kafumua rasta jana akajikuna kwa kucha usiku kucha? Kama ndiyo, leo haiwekwi, aende arudi ngozi ikishapona, hata kama kaja na boda toka Mbagala na harusi ni kesho. Hapo mwenye saluni atanuna, we mwache anune.

Halafu anauliza, nywele hizi ziliwahi kuwekwa kali, zile za mawimbi? Maana dawa ya kali na ritachi hazipatani hata kidogo, ukiweka moja juu ya nyingine nywele zinakatikia mkononi. Mteja hatakwambia mwenyewe, hajui kama ina uhusiano, wewe ndo wa kuuliza.

Ikiwa sawa, vaselini kwenye paji, masikio, kisogo na ngozi ya kichwa, nywele zinagawanywa mafungu manne, glovu mkononi, unaanzia nyuma. Mbele unamalizia kwa sababu nywele za pembeni mwa uso ni nyembamba zinashika haraka. Na dawa inaenda kwenye zilizoota tu. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mtu anayekuja kila mwezi kuweka ritachi huna pa kumwekea, unairudia ileile ya zamani, baadaye mnalaumu maji ya Dar kwamba yana chumvi. Subirini miezi miwili angalau.

Kuna hii kauli naichukia, "vumilia kidogo ishike." Dada zangu, kuwasha hakuna uhusiano na kushika. Kuwasha ni ngozi inaungua. Mteja akisema inauma unaenda kwenye sinki muda huohuo, huongezi dakika hata mbili. Na ukifika sinki unasuuza kwanza kwa maji mengi, ndo unaweka shampuu ya kuzimua dawa, nyingi zina rangi, povu likigeuka pinki maana yake dawa bado imo, unarudia mpaka povu liwe jeupe. Hiki kitu cha povu nimekiona kinapuuzwa na mafundi wakubwa tu, wanaosha mara moja wanafunga taulo, na dawa inaendelea kula nywele chini ya drayer.

Rangi nayo ina mambo yake. Rangi nyingi nyeusi zina PPD, kemikali ya rangi ambayo miili ya wengine inaikataa, na piko tunayochorea maharusi mara nyingi ni hiyohiyo rangi ya nywele imekorogwa. Mtu anachorwa piko kwenye send-off mkono unatoka malengelenge, yanapona anasahau, mwaka mmoja baadaye anakuja kupaka rangi kichwani uso unavimba macho hayafunguki. Mwili wake ulishaikataa siku ile ya piko. Ndo mana tunapima, unapaka kidogo nyuma ya sikio unasubiri saa 48. Najua mtaani hakuna mteja wa kusubiri siku mbili, ila lile swali la "piko ilishawahi kukuwasha?" linachukua muda gani?

Upande wa urembo, kucha, kope, makeup, ngazi ya kwanza mnagusa tu msingi, na nikiri mimi siyo shabiki wa kope za kubandika. Ila shikeni usafi. Kile kiboksi cha kuwekea vifaa chenye taa ya bluu hakisafishi chuma chenye uchafu wa mguu wa mtu, mwanga hauingii kwenye uchafu. Osha kwa sabuni na brashi, kausha, loweka kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kile kiboksi iwe pa kuhifadhia tu. Jik ni kali kwa vijidudu lakini inatia kutu, mkasi wako wa bei utalia. Na mteja akikuomba umchanganyie krimu ya kung'arisha, kataa, hizo za kuchanganya zinatembea na hydroquinone na zebaki, na mambo ya vipodozi toka 2019 yako TBS, shirika la viwango, wanakagua.

Kabla hujalipa ada mahali uliza chuo kimesajiliwa, na mwisho mnafanya upimaji wa taifa au mnapewa cheti cha chuo tu. Uliza na dawa za mazoezi nani ananunua, kwa sababu ada inaweza kuonekana ndogo kumbe ritachi, shampuu, glovu na kichwa cha mdoli unajinunulia mwenyewe Kariakoo. Halafu omba uingie karakana siku ya vitendo. Ukikuta madoli yamepangwa kabatini yana vumbi na sinki kavu, uliza wanaosha wapi vichwa vya watu, ukijibiwa kwa maneno marefu aga uondoke.