Lugha nyepesi kwa umma: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukirahisisha lugha, unapoteza usahihi.

"Wahusika wote wawasilishe nyaraka husika katika ofisi husika ndani ya muda muafaka." Sentensi hii inasikika nzito, lakini haisemi nani, nini, wapi wala lini. Iandike hivi: "Mzazi wa mtoto anayeanza darasa la kwanza, leta nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri." Hapo ndipo usahihi ulipo. Neno "husika" ningelifuta katika kila tangazo ninaloliona.

Dhana: Lugha nyepesi ni ya wasiosoma.

Wakili na daktari nao wana haraka, nao huugua na kulipa kodi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kuzitaka taasisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka, bila kubagua wasomi.

Dhana: Ikiwa kwa Kiswahili, kila mtu ataelewa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagusa afya za watu. Tazama bahasha ya dawa: "2 x 3". Aliyeko dirisha la dawa anamaanisha vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Anayeipokea alifundishwa shuleni kwamba hiyo ni sita, na hakuna kinachomwambia asimeze sita kwa mpigo.

Kisha kuna saa. "Meza kila saa 8" ni dozi tatu kwa siku. Lakini kwa saa zetu, saa nane hufika mara mbili tu, mchana na usiku, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukosa dozi moja kila siku huku akiamini anafuata maelekezo. Kadi ya kliniki nayo ikiandikwa "8:00", mama mmoja atafika saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Andika basi: "Kidonge 1 saa 12 asubuhi, kidonge 1 saa 8 mchana, kidonge 1 saa 4 usiku." Bahasha ina nafasi ya kutosha.

Dhana: Akiweza kuyasoma maelekezo, ameyaelewa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwahusisha wagonjwa 395. Lebo mojawapo iliwataka wameze vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 hivi waliyataja maelekezo hayo sawasawa. Walipotakiwa kuonyesha ni vidonge vingapi vya siku nzima, waliopatia walikuwa asilimia 35 tu.

Kwa hiyo usimwulize mgonjwa "Umeelewa?" Atakujibu ndiyo, kwa adabu. Mpe vidonge mkononi, umwombe akutengee vya kesho.