Je, wajua mtu mmoja anawezaje kurekodi albamu nzima peke yake?

Ukiisikiliza Arc of a Diver, albamu ambayo Mwingereza Steve Winwood aliitoa mwishoni mwa 1980, utasikia dramu, besi, gitaa, vinanda na waitikiaji. Kumbe wote hao ni Winwood mwenyewe, katika studio aliyojijengea nyumbani kwake, mashambani Gloucestershire.

Siri ya kwanza ni utepe wa kurekodia sauti. Utepe wa studio hugawanywa kwa urefu kuwa njia nyingi zinazokwenda sambamba, na kila njia hurekodiwa bila kuzigusa nyingine. Mwanamuziki hutangulia na mapigo, kisha huyasikiliza kwenye hedifoni huku akipiga besi katika njia ya pili, halafu gitaa katika ya tatu. Akikosea gitaa, hurudia gitaa tu. Mwishowe njia zote huchanganywa.

Ila studio haimfundishi mtu kupiga dramu. Winwood, aliyezaliwa Birmingham mwaka 1948, ni mtoto wa mpiga saksafoni, na tangu akiwa na miaka minane alipiga muziki pamoja na baba yake na kaka yake Muff. Hakuwa amefika hata miaka 16 alipoingia kundi la Spencer Davis Group, akiimba kwa sauti iliyowafanya watu wamfananishe na mwimbaji Mmarekani Ray Charles. Mwaka 1967 akaanzisha kundi la Traffic na wenzake. 1968 akampigia mpiga gitaa Jimi Hendrix ogani. 1969 akawa na mpiga gitaa Eric Clapton na mpiga dramu Ginger Baker katika Blind Faith, kundi lililotoa albamu moja likavunjika.

Mwaka 1970 alianza kurekodi albamu ya peke yake. Haikukamilika hivyo: aliwaita wenzake wa Traffic, Jim Capaldi na Chris Wood, na kazi ikageuka kuwa ya Traffic. Mimi naona kilichokosekana ni studio ya nyumbani, ambamo mtu hurudia kipande usiku kucha bila kuhesabiwa saa za kukodi.

Na huo upweke wa 1980 una mipaka yake, maana mashairi yaliandikwa na wengine, hasa Mmarekani Will Jennings.

Alirudia mtindo huohuo mwaka 1982, mauzo yakapungua. Ndipo akaenda New York, akajaza studio wageni, akiwemo mwimbaji Chaka Khan aliyeimba naye Higher Love. Mwaka 1986 wimbo huo ukashika namba moja Marekani, kisha ukampa tuzo ya muziki ya Grammy ya rekodi ya mwaka.