Nyumba ya wageni Dagoretti: kabla ya rangi, bandua saruji

Mwalimu alinipigia simu Februari. Alitaka niipake rangi nyumba ya mawe waliyoachiwa na baba mkwe wake, hatua chache kutoka soko la Dagoretti, Nairobi, ili aanze kupokea wageni wa kulala siku mbili tatu. "Rangi tu, fundi, na choo cha kisasa. Mengine yako sawa." Nikaingia chumba cha nyuma. Kilinuka kama gunia lililolala nje usiku wa mvua, na chini ya dirisha plasta ilikuwa imefura kama andazi.

Namwelewa kwa nini anaitaka biashara hiyo. Dagoretti si mtaa wa jana. Lugard, afisa Mwingereza, alijenga ngome huko mwaka 1890, miaka tisa kabla ya reli kufika Nairobi. Leo watu wa mjini huijua kwa nyama kuliko kwa historia, na mgeni akishashiba choma atapenda kulala penye kuta nene na paa la vigae. Lakini hatalala penye harufu ile mara mbili.

Nikachukua msumari. Plasta ya chokaa ukiikwaruza inatoa unga. Ya saruji inalia. Hii ililia. Nikabandua kipande cha ukubwa wa sahani, na nyuma yake mawe yalikuwa yameunganishwa kwa udongo na chokaa, laini kiasi cha kuchimbika kwa kidole. Fundi fulani alikuja miaka mingi baadaye akaivika nyumba koti la mvua, ndani na nje.

Mawe mengi ya kujengea hapa Nairobi ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Yanachongeka vizuri kwa patasi, na yanakunywa maji. Ukuta wa chokaa ukilowa, huyarudisha maji hewani jua likitoka. Saruji inayazibia njia. Yanabaki ndani ya jiwe, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na siku plasta inapoachia inaondoka na uso wa jiwe.

Nalijua hili kwa sababu nimelifanya kwa mikono yangu. Nikiwa bado mgeni kazini nilipiga plasta ya saruji nyumba ya aina hiyo, nikalipwa, nikapiga picha mbele yake. Masika mawili baadaye mwenye nyumba aliniita nije niokote vipande. Niliirudia bure.

Hata hivyo, kubandua saruji bila kutafuta maji yanakotoka ni kupoteza pesa. Udongo mwekundu wa Dagoretti hupitisha maji vyema, si kama ule mweusi wa upande wa Athi River, lakini kwa miaka watu walikuwa wamepanda maua, wakamwaga kifusi, wakaongeza baraza, mpaka ardhi ya nje ikaipita sakafu ya ndani kwa karibu shibiri moja ya mkono. Tulichimba mtaro kuzunguka nyumba tukaujaza kokoto. Gata nazo, mifereji ya kukinga maji ya paa, zilikuwa zimetoboka pale pale juu ya lile dirisha.

Paa sikulibadilisha. Lina vigae vya Mangalore, vile vyenye muhuri wa kiwanda upande wa chini, vilivyovuka bahari kutoka India. Nilivishusha kimoja kimoja nikavigonga kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama kikombe, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kufa. Usikubali kuuziwa mabati kwa sababu tu vigae kadhaa vimevunjika.

Sasa chokaa, ambayo mafundi vijana huidharau. Ya mfuko nailoweka pipani wiki mbili, iwe uji mzito. Ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza, maana jiwe kavu hulifyonza lipu papo hapo likabaki unga. Tabaka lisizidi sentimita moja. Kisha gunia mbichi juu yake siku kadhaa, kwa kuwa chokaa haikauki tu kama tope. Inanyonya hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, na ikikauka haraka inapasuka. Vaeni glavu, na kinga ya macho. Chokaa huchoma. Rangi ya juu iwe ya chokaa pia. Ukipaka ile ya plastiki umerudisha koti la mvua.

Makaratasi ni mafupi kusimulia, marefu kufuatilia: leseni ya mamlaka inayodhibiti utalii, na idhini ya kaunti ukibadilisha jengo. Kama nyumba imetangazwa rasmi kuwa turathi, sheria ya makavazi na turathi ya 2006 hairuhusu uiguse bila kibali.

Mwalimu alitaka wageni Agosti. Nikamwambia sisi mafundi tunakadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya ukuta uliolowa, na wake una inchi 9. Tukakubaliana vyumba viwili vya mbele vifunguliwe, cha nyuma kikae madirisha wazi, bila kitanda, hadi Desemba. Kwa sasa amekifanya stoo ya viti, na kila Ijumaa ananitumia picha ya ukuta na maneno mawili: "Fundi, bado?"