Mizani imeshuka, lakini umepoteza nini? Maswali baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Nimepungua kilo 22 kwa miezi minne tangu nikatwe tumbo. Mbona ngazi zinanishinda kuliko zamani?

Swali hili niliulizwa na mama anayeishi ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline, jengo lisilo na lifti. Alikuwa amefika kliniki akiishika meza ndipo akae.

Mama, mizani haijui mafuta wala misuli. Inajumlisha vyote. Baada ya upasuaji huu, kiasi kinachokaribia robo ya uzito unaopotea huwa si mafuta, ni misuli na maji, na sehemu kubwa hupotea miezi ya mwanzo. Tumbo limebaki dogo, homoni ya njaa imeshuka, chakula ni vijiko vichache. Mwili usipopata protini ya kutosha hula misuli yake wenyewe.

Nilimuuliza jana alikula nini. Uji, chai ya rangi na mkate, supu ya mifupa. Vyote laini, vyote vinapita vizuri, na protini karibu hakuna.

Tulimpima damu pia, kwa sababu kuishiwa pumzi kwaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12. Usidhani kila uchovu ni misuli.

Nile protini kiasi gani?

Wengi hushauriwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa au mala (maziwa yaliyoganda) gramu 8, kikombe cha ndengu zilizoiva kama 14. Hapo unaona kwa nini protini ndiyo iliwe kwanza, ugali ufuate nafasi ikibaki. Omena (dagaa) waliosagwa ni rahisi na wanafaa sana. Sielewi kwa nini tunawadharau na kukimbilia poda za bei ghali. Tafuna polepole, na maji yanywe nusu saa baada ya kula, si pamoja na chakula.

Lazima niende jimu?

La. Kutembea unaanza siku za kwanza kabisa. Kubeba vitu vizito ngoja daktari wako aruhusu, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita. Halafu jaribu hivi: kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika chochote mara kumi. Ukishazoea, shika chupa ya maji ya lita moja kila mkono. Mazoezi ya nguvu ndiyo yanayouambia mwili kwamba misuli hii bado inatumika. Yule mama anafanya hivyo jioni, ndengu zikichemka jikoni.

Nywele zinakatika. Nimeharibika?

Hapana. Hutokea sana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena.

Naweza kupata mimba?

Subiri miezi 12 hadi 18. Zungumza mapema kuhusu uzazi wa mpango, maana uzito ukipungua mimba huingia kwa urahisi zaidi.

Vitamini nitameza mpaka lini?

Maisha yako yote, hata ukijisikia mzima. Na ukitapika siku kadhaa mfululizo, au miguu ikianza kufa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, useme wazi kwamba ulipasuliwa tumbo.